Nilipima mafuta yangu, nikamhukumu Mama Kasoki

Butembo, Jumamosi, alasiri. Ukungu umekaa juu ya mji tangu asubuhi, na baridi yetu hii ya mlimani inaingia mpaka kwenye vifundo vya vidole. Nimevaa koti ndani ya nyumba. Sina hamu ya chai wala ya kugombana na mtu, na anayenifahamu ajue kwamba hiyo peke yake ni habari.

Ninaandika kwa sababu nimekosa. Sitaizungushia maneno.

Miezi miwili iliyopita, kwenye ukurasa huu huu, niliandika kwamba mwanamke mmoja anayeuza esanse, yaani petroli, kwenye njia panda hapa Mususa anaichanganya na uchafu na kuua magari ya watu. Si kweli. Esanse yake ilikuwa safi.

Uchafu ulikuwa wangu.

Nianze na gari, maana ndilo lililonipa kisingizio. Ni la Kijapani, la zamani, usukani uko kulia, lilikuja kupitia Uganda likiwa tayari limechoka. Halina kabureta. Mafuta yake yanasukumwa na pompe iliyo ndani ya tangi, kisha yananyunyizwa kwenye injini na sindano ndogo. Mafundi wengi wa huku wanauogopa mfumo huo. Wanakuambia bila aibu kwamba unataka kompyuta, na kwamba kompyuta iko Kampala.

Lilianza kuugua katikati ya mvua. Asubuhi liliwaka vizuri. Nikisimama nyuma ya lori na kuondoa mguu, injini ilianza kuhema: inapanda, inashuka, inapanda, inazima. Kwenye mlima ilikata nguvu ghafla, katikati ya njia, pikipiki zikinipita kushoto na kulia na wenyewe wakinipigia honi za dharau. Nikilipumzisha nusu saa, linawaka na kwenda bila shida yoyote, kwa dakika kumi au kumi na tano, halafu mchezo unaanza upya. Hilo la kupona baada ya kupumzika lilikuwa ndilo jibu lenyewe. Gari lilikuwa likiniambia kila siku, na mimi sikuwa nasikiliza.

Mwendo wa injini wakati gari limesimama tunauita ralanti. Fundi wa kwanza alichukua bisibisi, akakaza skrubu ya ralanti, injini ikanguruma, akanipa mkono. Wa pili alifanya vile vile, akakaza zaidi. Ndiyo desturi ya mji wetu: ralanti ikianguka, inapandishwa kwa nguvu, mteja anasikia kelele, anadhani ni afya. Ugonjwa unabaki palepale. Nimetumia miaka mingi kuwashambulia wakubwa wa jimbo hili kwa kosa hilo hilo, na nimekuwa nikilipa mafundi wanitendee hilo hilo.

Baada ya fundi wa pili niliamua kuchunguza mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha historia, nimesoma vitabu vingi kuliko inavyofaa kwa mshahara wangu, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba ushahidi ndio kila kitu. Nilifungua kizibo cha chini ya tangi, nikajaza chupa ya plastiki, nikaiacha dirishani mpaka kesho yake. Chini ya chupa palikuwa na tabaka jeupe, zito, mithili ya uji wa mtoto.

Nilikuwa nanunua esanse kwa Mama Kasoki peke yake. Basi ni yeye. Hesabu yangu ilikuwa fupi kiasi hicho.

Mama Kasoki ni mjane. Alikimbia kijiji kimoja upande wa Beni baada ya mume wake kuuawa na waasi shambani, kwenye kakao yake mwenyewe. Alifika Butembo na watoto watatu. Akapanga chumba, akatafuta meza, chupa, bidoni za kubebea mafuta, na mwavuli wa buluu wenye kiraka chekundu. Ulikuwa unamkuta pale tangu alfajiri. Alikuwa na midomo. Kila nikisimama alinisalimu kwa kelele ili waendesha pikipiki wasikie: "Prof! Hii gari yako inakunywa sawa mupiga ngoma wa harusi!" Nami nilimjibu kwamba angalau haina deni baa. Tulicheka hivyo karibu miaka minne.

Picha ya ile chupa niliiweka hapa, na chini yake nikaandika kwa moto wote nilio nao. Niliandika juu ya nchi inayojiua yenyewe. Niliandika kwamba tunalia kuhusu wanaotumaliza porini wakati sisi wenyewe tunauziana sumu sokoni. Leo asubuhi nimeisoma tena. Imeandikwa vizuri. Hilo ndilo baya zaidi.

Sikuandika jina lake. Niliandika mwavuli wake.

Andiko lilitoka kwenye simu moja likaenda nyingine, kutoka kikundi cha wazazi mpaka kikundi cha kwaya mpaka kikundi cha waendesha pikipiki. Nilisimuliwa kwamba mmoja wao alichukua chupa mezani pake, akaimwaga chini mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Niliposimuliwa, nilitabasamu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani. Alisimama kwenye geti na chupa ya esanse mkononi, imefungwa kwa mfuko wa plastiki ili isimwagike.

"Prof, miye sijui kusoma yote uliandika," alisema. "Mais lakini chupa najua. Kamata hii, weka pale uliweka ile ingine. Kesho tutaangalia pamoja."

"Leo utaleta safi, Mama Kasoki," nilimjibu, "kwa sababu umeshajua unatazamwa."

"Basi kuja ku meza. Chagua bidoni weye mwenyewe, hata ile ya nyuma kabisa."

Nilimwambia nina kazi. Nikafunga geti. Nililipenda jibu langu la kwanza kiasi kwamba nililirudia mezani wakati wa chakula. Mama Muhindo, mke wangu, aliendelea kuchambua samaki. "Hata angalia tu ungeangalia," alisema, basi.

Wiki ya pili meza haikuwapo. Mwavuli haukuwapo. Niliongeza mistari mitatu hapa kusema kwamba kalamu moja imesafisha njia panda moja.

Hiyo mistari mitatu nimeifuta leo. Andiko lenyewe nimeliacha, na juu yake nimeandika kwamba ni uongo. Nataka kila anayelifungua anione.

Gari? Liliendelea kuzima. Nilikuwa sasa nanunua kituoni, penye pompe na risiti, na lilizima vile vile, mlima ule ule. Nilijiambia kwamba ni mabaki ya sumu yake, bado yako ndani. Ningeweza kuishi na maelezo hayo mwaka mzima.

Jumatatu iliyopita lilinizimikia mbele ya karakana ya Fundi Kakule. Ni karakana ndogo, paa la mabati na jina lililoandikwa kwa chaki. Sikuwahi kumpelekea gari kwa sababu ni mtu wa kimya, na mimi siwaamini watu wa kimya. Alitoka akifuta mikono, akauliza maswali kabla ya kufungua boneti. Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza kitu.

"Inazimaka ikiwa ya baridi ao ya moto?"

"Zote mbili. Asubuhi tu, ikiwa imelala, ndiyo inakuwa sawa."

"Na ukiipumuzisha?"

"Inarudi. Kisha inakufa tena."

"Ah," alisema, akafungua boneti.

Alianza mbele. Alichukua kipande cha mpira mrefu, akaweka ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha polepole kwenye kila bomba la hewa, akitafuta mahali panapovuta hewa ya wizi. Hakuna. Alitoa bujii, zile plagi za kuwashia, moja moja, akazitazama kwa jua: nyeupe mno, za injini yenye njaa ya mafuta. Alirudisha ile skrubu ya ralanti mahali pake pa zamani, zamu baada ya zamu, akitikisa kichwa. "Hii skrubu balitesa bure. Haina kosa."

Halafu aliinua kiti cha nyuma, akaniambia nizungushe ufunguo bila kuwasha. Kutoka chini ya kiti ilisikika pompe, sauti nyembamba, ya kukaza.

"Unasikia? Ile ni kulia. Inavuta, haipate. Ukizima, kile kinaziba kinaanguka chini, inapata tena. Ndiyo maana inapona ikilala."

Nilisimama pale kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Dalili niliyoibeba miezi mitatu, yeye aliisoma kwa muda wa kunywa glasi ya maji.

Alitoa pompe. Chini yake kuna chujio, soksi ndogo ya kitambaa, na soksi hiyo ilikuwa imevaa unga mweupe, mzito, wa kuteleza. Nikasema kwa sauti, karibu kwa furaha: "Ndiyo ile! Ndiyo sumu ya yule mama!"

Fundi Kakule alichukua kidogo kwa kidole. Akanusa. Akaenda kwenye ndoo ya maji, akalowesha viganja, akasugua.

"Prof," alisema. "Iko na povu."

Alinionyesha. Povu jeupe, jingi, kati ya vidole vyake vyeusi vya grisi, na vidole vinasafika.

"Ile chupa tuliona ku simu," akauliza, taratibu kabisa, "ulijaza ku bidoni ya mama yule, ao ku tangi yako?"

"Kwenye tangi langu."

Alifuta mikono yake muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Kisha alilala chini ya gari na tochi, akaniita. Kwenye tumbo la tangi, upande wa kulia, palikuwa na tundu, na ndani ya tundu kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya mche, kimeliwa nusu.

Kila dereva wa barabara zetu anaijua dawa hiyo. Jiwe likitoboa tangi mbali na mji, unakanda sabuni ya mche mpaka iwe laini, unaibandika, na inashika, kwa maana esanse haiyeyushi sabuni. Unafika nyumbani. Wiki hiyo hiyo unapeleka tangi lichomelewe. Ukiliacha, maji ya mvua yanapata njia ya kuingia, na maji yanaiyeyusha. Inadondoka ndani kidogo kidogo. Kila mtu anajua. Hata mimi najua.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilimkuta Mama Muhindo anaanika nguo, nikamwambia kuhusu sabuni, nikiwa bado natafuta nani aliiweka.

Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuistahili.

"Baba Muhindo, kweli umesahau? Ni sabuni yangu. Tulitoka Kyavinyonge na samaki, jiwe likatoboa. Samaki ilikuwa inaanza kunuka na weye ulikuwa unasimama kando ya njia unatukana serikali. Ni miye nililala chini. Nilikanda sabuni, nikaziba. Ukasema Jumatatu utapeleka kwa kuchomelea."

"Nikasema?"

"Ukasema. Mais Jumatatu ulikuwa na makala."

Ni hivyo. Nilikuwa na makala. Sikumbuki hata ilikuwa juu ya nini. Nilimlaumu nani wiki ile? Padri, mchungaji, meya, wafanyabiashara, wote wamepita kwenye kalamu yangu, na wengine walistahili, sitajifanya mtakatifu leo kwa kusema hawakustahili. Lakini mwanamke mwenye meza aliniletea ushahidi mpaka kwenye geti, umefungwa vizuri kwenye mfuko, na mimi nilimjibu kwa sentensi nzuri.

Sikulala vizuri siku hizo. Fundi Kakule alilisafisha tangi, akalichomelea, akabadilisha chujio. Gari lilitoka karakanani likiwa jipya moyoni: unaondoa mguu, na ralanti inakaa chini, imetulia, husikii hata kama imewaka. Fundi alitegemea nipige makofi. Nilimshukuru na kuondoka upesi. Ukimya ule ulikuwa unanihukumu kila taa, kila njia panda, kila lori.

Jirani zake wa zamani waliniambia amerudi Beni, kwa dada yake. Alhamisi nilikwenda. Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi aliinama dirishani, akaniuliza kwa Lingala nakwenda wapi: "Papa, ozokende wapi?" Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba nakwenda kuomba msamaha. Alidhani ni mzaha, akacheka, akainua kamba. Njia nzima nilitunga maneno. Nilikuwa na utangulizi, na hoja tatu, na hitimisho. Gari halikuzima hata mara moja.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya dada yake, ameinama juu ya turubai la plastiki, anageuza mbegu za kakao kwa mkono ili zikauke. Amekonda. Hakushtuka kuniona. Aliendelea kugeuza.

"Prof. Gari ilikufikisha?"

"Ilinifikisha."

"Donc basi imepona."

Utangulizi ulipotea. Nilimwambia yote: kizibo, chupa, chujio, povu, sabuni ya mke wangu. Niliposema sabuni, mikono yake ilisimama juu ya kakao. Nilimwambia kwamba mafuta yake hayakuwa na kosa hata siku moja, na kwamba naomba anisamehe.

Kuku walikuwa wanadonoa pembeni ya turubai, akawafukuza.

"Ulikuja na nani?" aliuliza.

"Peke yangu."

"Ah bon." Alikaa chini, akajifuta jasho. "Donc, kunisema mubaya, batu bote. Kuniomba musamaha, ni miye, ni weye, na hizi kuku."

Nilimwambia nitaandika. Kwenye ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa.

"Andika. Mais ile ya kwanza balisoma kwa sababu ilikuwa tamu. Hii haina sukari, nani atamtumia mwenzake?" Hakusema kwa hasira. Ningependelea hasira. Katika hasira mimi ni mwenyeji. "Prof, miye nilikimbia huku na batoto mugongoni. Butembo balinipokea. Balinizoea. Kisha siku moja natoka kwa nyumba, ba motard, bale ba pikipiki, banasimama mbele yangu sawa miye ni muchawi. Mutoto wangu banamwita ku masomo mutoto wa sabuni... hapana, balisema mutoto wa sumu. Ni leo weye unaleta sabuni."

Hapo alicheka kidogo, kicheko kikavu, halafu akafunika uso kwa kitenge. Nilitazama pembeni. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Nilimuuliza anaishi kwa nini sasa. Aliinua kidevu kuelekea kwenye turubai. Ni kakao ya marehemu mume wake. Shamba ni lile lile. Njia ni ile ile. Anatoka saa kumi na moja asubuhi na wanawake wengine wawili, wanavuna upesi, wanarudi kabla jua halijashuka. Kuna siku wanasikia mambo, hawaendi. Kuna siku hawasikii, wanaenda. Nilimuuliza kama haogopi, na alinitazama tu, mpaka nikaona aibu ya swali.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo, na naliandika waziwazi ili nisije nikalipamba baadaye: mwanamke aliyeikimbia njia ile ameirudia kwa sababu mimi nilimfungia nyingine. Si vita vilivyomrudisha. Si serikali. Ni mimi, na chupa moja ya plastiki.

Aliposimama kunisindikiza alisema anachotaka. "Simama pale meza yangu ilikuwa. Sema na kinywa. Ba motard bakusikie, ile saa banakuwa wengi. Nitajua kama umesema. Bananijua namba."

Leo asubuhi, saa moja na nusu, nilisimama.

Mahali pake sasa kuna dada anayeuza maandazi. Nilimwomba ruhusa ya kusimama kando, akanipisha kwa wasiwasi. Waendesha pikipiki walikuwa kumi na kadhaa, wanangoja abiria, mikono mifukoni kwa baridi. Nimezungumza mbele ya kumbi zilizojaa. Nimezomewa na sikutetereka. Leo nilikohoa mara mbili, mmoja akasema, "Prof amekuja kutuhubiria."

Nikasema. Nilisema nilipima mafuta ya tangi langu na sikupima ya Mama Kasoki. Nilisema uchafu ulikuwa sabuni, na sabuni tuliiweka sisi wenyewe, na sikuchomelea tangi kwa uvivu wangu. Nilisema aliniletea chupa yake na nilikataa kuiangalia.

Kisha mmoja mwenye kofia nyekundu, jina lake Kambale, alisema: "Attendez, mungoje. Donc Prof, tulimwanga esanse ya mama wa batu kwa sababu ya sabuni ya bibi yako?"

Walicheka. Hata yule wa maandazi alicheka. Nami nilitaka kucheka, kwa maana ingekuwa njia ya kutokea, lakini kicheko kilikatika chenyewe. Kambale hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia lami.

"Ni miye nilimwanga," alisema. "Ile chupa. Ni mukono yangu."

Mzee mmoja kati yao, mwenye pikipiki ya mizigo, alinigeukia. "Na sasa tuamini gani, Prof? Ile ya kwanza uliapa. Hii unaapa. Kesho utaapa ya tatu?"

Ningeweza kumpa jibu zuri, mdomo wangu ulikuwa tayari umeanza kulitafuta, na nikaunyamazisha. Nilimwambia: "Muende kwa Fundi Kakule, atawaonyesha chujio. Msiniamini mimi." Alikubali kwa kichwa. Nadhani hilo ndilo jambo la maana pekee nililolisema leo.

Nimekaa hapa tangu wakati huo na kurasa hizi. Nilimpigia Mama Kasoki saa nane, simu haikupatikana. Saa tisa, haikupatikana. Shambani hakuna mtandao, hilo nalijua. Nilijua pia kwamba kujua hakusaidii. Saa kumi na moja kasoro, nikiwa nimeanza kuandika ile sehemu ya povu, alipiga yeye.

"Nimetoka shamba," alisema. "Kambale alinitumia ujumbe. Anasema atanunua chupa kumi siku nikirudi. Nikamwambia anywe maji kwanza."

Nilimuuliza atarudi lini.

"Kakao haiyaisha, Prof. Nikiacha, itaozea kule, ao batu bataiba. Wiki mbili. Labda tatu."

"Nije nikusaidie kuvuna, wiki ziwe chache."

Alicheka, na safari hii kilikuwa kile kicheko cha kwenye meza, cha kuwasikilizisha majirani. "Weye? Utakata kakao na kinywa?" Halafu sauti ikashuka. "Kesho ni misa. Jumatatu tunaenda. Saa kumi na moja."

Hakusema njoo. Hakusema usije. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Nimemwambia Mama Muhindo kwamba kesho baada ya misa nachukua gari, nakwenda kulala Beni. Alinitazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na buti zake za shamba, zile za Masereka, za kupandia viazi kwao, akazipima kwa jicho dhidi ya miguu yangu. "Hazitakuenea," alisema. "Ila vile viatu vyako vya shule vitakuletea haya. Zikate mbele hizi buti, vidole vitoke."

Sijui kuvuna kakao. Na kama kitu kikitokea kwenye njia ile, sijui mwalimu wa historia wa miaka hamsini atamfaa nini mtu yeyote. Naogopa, na sitaandika kwamba siogopi.

Lakini Jumatatu, saa kumi na moja, wale wanawake watatu wakitoka, tutakuwa wanne, mimi nyuma yao.